Nyoosha Kwanza

Saa nane usiku, Nzuguni. Upepo wa Julai
unasaga mchanga kwenye nondo za dirisha,
nami nahamisha mashine iliyo hai
kutoka seva kuukuu ya mjini hadi ile mpya ya Mtumba,
bila kuizima,
bila aliye ndani kujua kwamba sakafu anayokanyaga
imebebwa.

Kurasa milioni nane za kumbukumbu.
Nazinakili, naye huko ndani haachi kuandika:
likizo ya mwalimu wa Kondoa,
cheti cha mtoto wa Mpwapwa, jina limekosewa, limesahihishwa.
Kila akigusa ukurasa niliokwisha kuuchukua
kiendeshi kinawasha biti moja:
mchafu.

Neno gumu hilo. Dodoma vumbi hukalia hata kilichofunikwa.
Mchafu hapa si mwovu,
ni yule aliyepitiwa na upepo
tangu ulipomtazama mara ya mwisho.

Mlewa, mwenzangu wa zamu, ameandika mistari miwili:
nakili ukurasa,
kisha zima biti.
Imejaribiwa mara mia, imefaulu mara mia.
Nimeisoma, tumbo limenishika.

Nilikuwa darasa la sita. Duka la mama, Chang'ombe,
daftari la madeni limeliwa na mchwa pembeni.
Akasema: Damari, hamishia yote humu kwenye jipya,
ila duka sifungi, watu watakula nini?
Tukapatana: ukurasa atakaouandika nyuma yangu
ataukunja pembe.

Nikafika kwa mzee Chilongani. Pembe imekunjwa.
Nikanakili: sukari nusu, mafuta ya taa chupa moja.
Wino ukaisha. Nikaenda kuazima kalamu kwa jirani.
Nikarudi, nikainyoosha pembe, nikafunua mbele.

Kumbe nilipokuwa kwa jirani
mama aliandika hapohapo: mtama, debe moja.
Akaikuta pembe imekunjwa tayari.
Akaiacha.

Debe halikuibwa. Lilianguka tu
kati ya mkono wangu na mkono wangu.

Baada ya mavuno mzee akaja kulipa.
Daftari jipya likamkana.
Akasimama kaunta, kofia mkononi,
akibembeleza adaiwe:
"Mama Damari, nani hujisingizia deni?"
Mama hakumjibu. Alinitazama mimi.

Kwa hiyo, Mlewa, geuza mistari yako.
Nyoosha pembe kwanza, ndipo unakili.
Akiandika ungali unanakili, pembe itajikunja tena
nawe utarudi. Kurudi ni jasho tu.

Na usichungulie biti kisha ukaizima,
kana kwamba ni mambo mawili:
viini kumi na sita vinaandika kwa pamoja,
kati ya jicho na kidole pana nafasi ya debe zima.
Chukua na uzime kwa pumzi moja.
Halafu viambie viini vyote visahau
ruhusa ya jana vilizoweka mfukoni,
la sivyo vitaandika bila kubisha hodi
na hakuna pembe itakayokunjwa.

Amesoma. Amekuna kidevu.
"Dada, yaani mwendo wote huu kwa sababu ya mtama?"

Saa kumi na robo zimebaki kurasa arobaini.
Tumemsimamisha kidogo, muda wa kope kugusana,
tumezivusha,
ameamka Mtumba katikati ya neno
na kulimalizia.

Nimeifuta meza kwa kiganja. Ilikuwa na vumbi tena
kabla sijafika mwisho wake.

Lile daftari jipya bado lipo, ndani ya sanduku la mama.
Kwa mzee Chilongani ameandika kwa mkono wake
debe moja, limelipwa,
na pembe ameikunja.
Sijawahi kuinyoosha.